Mashine za Mulot Sizileti

Osaka, Japani
Jumapili mchana

Kwako Baba Wambui,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, halafu nakusalimu mara ya pili kwa jina langu mwenyewe, Chepkorir, maana naona umeanza kulisahau. Barua yako nimeisoma mbele na nyuma nikitafuta mahali ulipouliza mguu wangu unaendeleaje. Sikupaona. Habari za mashine umeziuliza kila ukurasa. Basi nikujibu ambalo hukuuliza: uvimbe umepungua, kisigino bado kinachoma asubuhi nikishuka kitandani, na daktari wa hapa amesema habari ya kukimbia mashindano niiondoe kichwani. Alisema huku akitabasamu. Hapa hata msiba unaletewa kwa tabasamu.

Na nyinyi je? Kifua chako kimenyamaza, au bado unajitibu kwa tangawizi na ubishi? Magoti ya mama yako yanamfikisha kanisani? Yule ng'ombe mwekundu alizaa salama? Nimesikia mvua imewakataa hapo Mulot na mahindi yamesinyaa, na kwa mama yangu kule kwenye chai inanyesha kila alasiri mpaka wachumaji wanalalamika. Laiti ningekuwa mmoja wao, nikilowa na kulalamika.

Kuhusu Wambui umeniandikia mstari mmoja tu, na huo mstari ndio umeniondolea raha. Umesema aliokota gazeti lililofungiwa nyama, akaona picha ya mwanamke amevaa fulana ya mbio, ana namba kifuani, akasema, "Mama." Mwanamke mwenyewe si mimi. Umesema siku hizi kila mwanamke akionekana anakimbia, hata kama anakimbilia mbuzi aliyeingia shambani, Wambui husema, "Mama." Uliandika kama kichekesho. Mimi nilimwacha mtoto huyo akijifunza kusimama kwa kushika sketi yangu, kwa hiyo utanisamehe nikishindwa kucheka.

Halafu siku ile ukanipigia simu kutoka posta ya Bomet. Nilifurahi, nikadhani utanipa Wambui niisikie sauti yake. Kumbe ulikuwa peke yako na biashara yako.

"Mama Wambui, hiyo kontrakti wewe weka sahihi tu," ulisema. "Ni miaka mbili, itaisha tu hivi hivi. Hizo mashine za geimu zikifika hapa Mulot, vijana watajaa mpaka kwa barabara. Hiyo ni bizna safi. Nimetoa hata cherehani yako kwa ile rumu ya nyuma, nikapaka rangi."

"Cherehani yangu umeweka wapi?"

"Iko kwa mama. Ama iko kwa stoo. Iko tu, usijali."

Simu ikakatika, na sijui kama ni posta waliokata au ni Mungu aliyenihurumia. Basi leo keti chini, funga duka kidogo, nikueleze hizo mashine ni nini, na hii kampuni unayojigamba nayo sokoni ni kampuni gani. Nikimaliza utajua kama sahihi nimeweka au sikuweka.

Unajua nilikuja huku kukimbilia timu ya wasichana ya kiwanda cha nguo. Biashara ya nguo ilipodorora, matajiri wakavunja timu. Wenzangu Wajapani wakarudishwa kwenye vyerehani vya kiwanda. Mimi mkataba wangu ulikuwa haujaisha, na hawakutaka aibu ya kuuvunja, kwa hiyo wakanihamishia kampuni yao nyingine mpya, kama vile mtu anavyohamisha kuku asiyetaga akitumaini kosa lilikuwa la banda. Kampuni hiyo ndiyo hii. Kazi yake ni kuandaa mashindano ya geimu na kuyaonyesha kwenye televisheni. Watu wawili wanakaa kwenye viti, kila mmoja ana vifungo mbele yake. Kwenye kioo kuna vikaragosi viwili vinapigana. Mtu anabonyeza, kikaragosi kinapiga teke. Anabonyeza tena, kikaragosi cha pili kinaanguka. Watu wazima wanalipa kiingilio, wanajaza ukumbi mkubwa kuliko kanisa letu mara nyingi, wanalia machozi. Na wale waliokaa kwenye viti wanaitwa wanariadha.

Nirudie, labda umepita haraka. Mtu aliyekaa anaitwa mwanariadha. Ana daktari. Ana mtu wa kumkanda vidole. Wiki iliyopita mmoja alijitoa kwenye mashindano kwa sababu ya kidole gumba, na habari hiyo ikasomwa kwenye televisheni kwa sauti ya matanga. Mimi nilikimbia Kericho nikiwa na jeraha la kwato za ng'ombe kwenye wayo, na aliyenipa pole ni mama tu, naye alinipa pole huku akiniuliza nani atachuma ile mistari miwili iliyobaki.

Mimi wananiita mshauri wa mwili. Kila asubuhi nawatoa hawa mabwana nje wakimbie kidogo, damu itembee. Wanatoka wamejikunja kama wamefukuzwa kitandani na polisi. Wakifika kwenye kona wanasimama kuvuta sigara, wakinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyekosa akili kwa kutaka kufika mahali kwa miguu. Na siku ya mashindano ninavalishwa suruali fupi na fulana ya mbio, nazunguka ukumbi nikibeba mwenge, moshi unatoka sakafuni, ngoma zinapigwa. Mwenge wenyewe ni wa plastiki, ndani kuna balbu. Nikifika jukwaani mtangazaji anapaza sauti: "Kutoka Afrika, roho ya ushindani!" Mtangazaji huyo hupiga kelele kabla jambo lolote halijatokea. Umewahi kumsikia mtu wa kipaza sauti kwenye harambee akitangaza kwa shangwe kwamba mgeni wa heshima bado yuko njiani? Basi ndiye yeye, ila huyu analipwa vizuri.

Nimekueleza haya yote ili ujue ni nini umekuwa ukisifu pale kwa muuza nyama.

Katika watu hao wote kuna mmoja tu ninayeweza kumvumilia. Ni msichana, anaitwa Naomi, kama yule wa kwenye Biblia, ingawa Biblia hajaifungua maisha yake yote. Usidhani ni malaika. Anang'ata kucha, anakula chipsi za mfuko mpaka kwenye godoro, na adabu yake ingemfanya mama yako atafute mwiko. Lakini anafanya kazi. Baba yake ana kibanda cha kuuza samaki huko kwao, na yeye alijifunza hiyo michezo kwenye duka la jirani akingoja samaki waishe. Shida yake ilikuwa pumzi. Akishambuliwa anabana pumzi, uso unakuwa mwekundu, vidole vinakakamaa, anashindwa. Mimi nilimwambia afanye kama tunavyofanya kwenye mteremko wa chai kikapu kikijaa mgongoni: kila ukiinama, toa pumzi, hata kama hutaki. Alicheka sana. Kisha akajaribu. Akaanza kuwashinda wanaume mmoja mmoja, mpaka akafika fainali.

Hapo ndipo mkurugenzi wetu, Bwana Kuroda, aliponiita ofisini.

Nikueleze kwanza fainali ilikuwa kati ya nani na nani. Upande mmoja Naomi. Upande wa pili kijana mmoja aliyepaka nywele rangi ya njano, anayependwa na wasichana wote wa nchi hii, na uso wake umechapishwa kwenye makopo ya soda ya kampuni inayodhamini mashindano. Makopo yalikuwa yameshachapishwa, yameandikwa bingwa. Unaona walivyo? Wanaandika bingwa kwanza, halafu wanaandaa mashindano.

Bwana Kuroda alinipa chai yao ya kijani isiyo na maziwa wala sukari, chai ambayo karani wetu wa kituo cha kupima majani angeirudisha nyumbani na kikapu chake. Akaniambia, "Umemfundisha vizuri Naomi. Naambiwa wewe zamani ulikuwa mweka kasi."

Nikasema ndiyo.

"Basi wewe utanielewa upesi. Tunataka Naomi awe mweka kasi. Akimbie kwa nguvu mpaka karibu na mwisho, watu wasisimke, halafu atoke njiani. Kwako si kitu kigeni. Hii ndiyo kazi uliyokuwa ukifanya, kupokea malipo ili ushindwe."

Baba Wambui, wewe unajua hasira zangu.

Unakumbuka uliponiona mara ya kwanza, kwenye mashindano ya Kericho? Nilikuwa mweka kasi. Nilitoka njiani kukiwa kumebaki mzunguko mmoja, na wewe ukamuuliza mtu aliyekuwa kando yako mbona huyu dada anayeongoza ametoka, amechoka? Mtu yule akakucheka mpaka ukaona haya, na mimi nikakuona ukiona haya, nikakupenda papo hapo. Wewe ulikosea kwa kutojua. Yule mtu alikueleza kwa neno moja ukaelewa: mweka kasi ameajiriwa kuwavuta wengine. Kila mkimbiaji anajua. Mwamuzi anajua. Hata mama anayeuza mayai ya kuchemsha anajua. Kipaza sauti kinamtaja kabla ya mbio kuanza. Na akijiona bado ana nguvu, akaamua kwenda mpaka kwenye utepe, hakuna sheria ya kumshika miguu. Huyo si mtu aliyelipwa ashindwe. Aliyelipwa ashindwe anafanana na wale madalali wa mnada wa Mulot, mmoja anayejifanya mnunuzi, anataja bei kubwa ya ng'ombe wa mwenzake, mpaka mgeni kutoka Narok anaingia mtegoni. Hao unawajua. Mmoja ni rafiki yako, wala usinikanushe.

Nilimwambia Bwana Kuroda kwamba mambo hayo mawili hayafanani. Kijapani changu ni cha kuvunja vunja, na matusi sijafundishwa, nadhani kwa makusudi. Akanisikiliza kwa heshima yote. Kisha akafungua kabati, akanionyesha katoni mbili.

Zilikuwa mashine zako.

Ndiyo, nilikuwa nimemuuliza bei, kwa ajili yako, tena kwa aibu, nikijikunakuna. Hakuisahau. "Mume wako anataka kufungua biashara," alisema. "Hizi ni zawadi. Na ule mkataba wa miaka miwili ndio huu. Zungumza na Naomi, halafu uweke sahihi." Akasukuma karatasi mbele yangu kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka.

Sikuweka. Wala sikukataa, sitakudanganya. Niliomba siku ya kufikiri. Nilitembea na kisigino changu kibovu mpaka mtoni, nikaona ile rumu ya nyuma uliyoipaka rangi, nikakuona umesimama mlangoni unawaringia watu. Nikamwona Wambui na gazeti lake. Nikafikiri: nikikataa, nitarudi mikono mitupu, na mume wangu atanitazama kama mtu aliyemwagiwa maziwa. Nikikubali, nitamkuta mtoto wangu na umri wa kwenda shule, ananisalimia kwa mkono kama mgeni wa kanisa. Hiyo ndiyo mizani niliyopewa, na vyote viwili viliniuma.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Naomi kwenye kibanda cha tambi, nikamweleza yote. Sikumpa ushauri. Nilimweleza alichosema mkurugenzi, na kuhusu zile katoni nilimweleza pia.

"Kwa hiyo mimi bei yangu ni mashine mbili?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mpya au kuukuu?"

"Mpya."

Akaendelea kula. Baada ya muda akaniuliza mweka kasi ni nini hasa, maana hajawahi kutazama mbio hata siku moja. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Akauliza, "Na huyo mweka kasi anatangazwa na nani?" Nikamwambia na mtangazaji, kabla ya mbio, mbele ya watu wote. Akanywa mchuzi wote kwenye bakuli, akafuta mdomo kwa kiganja, akaondoka. Nilidhani ameamua kukubali. Sikumlaumu. Baba yake anauza samaki, na samaki hawana subira.

Siku ya fainali nilizunguka na mwenge wangu wa balbu. Ukumbi ulijaa, kamera kila pembe, na matangazo yalikuwa yanakwenda moja kwa moja nchi nzima. Bwana Kuroda alikaa mstari wa mbele na watu wa soda. Kabla ya kuanza, mtangazaji huwapa wachezaji kipaza sauti watishane kidogo. Kijana wa nywele za njano akasema maneno yake ya kawaida, wasichana wakazimia. Kisha kipaza sauti akapewa Naomi. Akakishika kwa mikono miwili kama mtoto wa shule ya Jumapili anayekariri zaburi.

"Niko tayari," akasema. "Ila mtangazaji amesahau kutangaza jambo moja. Mimi leo ni mweka kasi. Bwana Kuroda ameomba nikimbie mpaka karibu na mwisho halafu nitoke njiani. Sina neno, ila hajaniambia ni raundi gani. Bwana Kuroda, nitoke raundi gani?"

Akangoja jibu. Alikuwa anangoja kweli, ameelekeza kipaza sauti mstari wa mbele.

Mimi mwenge ulitaka kunitoka mkononi. Halafu mtu mmoja huko nyuma akacheka, na ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko na makofi, maana walidhani ni vitisho vya mchezo. Mtangazaji naye, anayepigia kelele hata kifungo cha shati, akapayuka: "Vita vimeanza!" Kamera ikaenda kwa Bwana Kuroda. Alikuwa anatabasamu, lakini shingo ilikuwa imegeuka rangi. Watu wa soda wakamtazama. Akainama kidogo, akapunga mkono kuonyesha kwamba waanze. Angesema nini? Raundi ya tatu?

Sasa hakuna aliyeweza kumnunua Naomi, kwa sababu kila mtu alikuwa akimwangalia kuona kama atatoka njiani. Wakacheza. Mimi ambaye nimekuwa nikiwacheka miezi yote hii nilijikuta nimesimama juu ya kiti, napiga kelele kwa Kikipsigis, "Toa pumzi, wewe msichana, toa pumzi!" Wazungu wawili waliokuwa nyuma yangu wakanipiga picha. Alikuwa anatoa pumzi. Nilimwona mabega yakishuka kila aliposhambuliwa. Walikwenda sawa, raundi yake, raundi ya mwenzake, mpaka ya mwisho, na kwenye ya mwisho akashindwa.

Ndiyo. Alishindwa. Kwa haki kabisa, kwa jasho lake, kwa kifungo kimoja alichochelewa kubonyeza. Nimemuuliza mara nyingi, na Naomi si mtu wa kukuficha ili ujisikie vizuri. "Alikuwa bora," akasema, na akang'ata kucha.

Unaona upumbavu wa watu hawa? Walitaka kuiba kitu ambacho kilikuwa chao. Wangekaa tu kimya wakanywa soda yao, bingwa wao angeshinda, makopo yangeuzwa, hakuna ambaye angejua. Lakini mwizi akizoea, hata nyumbani kwake anaingilia uani. Na aliyeumia ni yule kijana wa nywele za njano. Hakuwa anajua chochote. Aliinua kombe, huku chini watu wanacheka na kuuliza, je, ametoka njiani au hakutoka? Alikuja nyuma ya jukwaa, akamwinamia Naomi mpaka kiunoni, akamuuliza, "Tafadhali, niambie ukweli." Naomi akamwambia ukweli. Kijana akalia. Hapo nilimheshimu, na nywele zake zote.

Nilikwenda ofisini kesho yake nikiwa nimeshafunga sanduku, nikijua nafukuzwa. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Nilikuwa hata nimetafuta maneno.

Bwana Kuroda alinipokea mlangoni! Alikuwa amechangamka kama mtu aliyeozesha binti. Simu zilikuwa zimepigwa usiku kucha, alisema. Nchi nzima inabishana kama Naomi alitoka njiani au la. Watu wa soda wamefurahi. Msimu ujao watamwandikia Naomi maneno mengine ya kusema kabla ya mchezo, maneno makali zaidi, na mkurugenzi mwenyewe atajibu, itakuwa burudani. Na mimi mkataba wangu uko pale pale. Katoni ziko pale pale, zimeshaandikwa anwani yako. Mtu huyu alivuliwa nguo mbele ya taifa, akatazama chini, akaona uchi wake, akasema, tuuze tiketi! Angenifukuza ningemheshimu kidogo.

Nikamwambia sitaki. Akashangaa kwa dhati. Akauliza kama ni kisigino. Nikamwambia ni mtoto, nina mtoto mdogo anayeona picha za wanawake wengine gazetini na kuwaita mama. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, mtu ambaye sikuwa nimemwambia hata saa ni ngapi.

Akaiweka kalamu yake mezani. Nikadhani ameguswa. Kumbe alikuwa anahesabu.

"Hiyo ni nzuri sana," akasema. "Hiyo tutaitumia. Tutapeleka kamera Kenya. Wewe utatoka kwenye ndege na fulana yako ya mbio, mtoto anasimama kule, anakuona, anakukimbilia. Tutauanza msimu na picha hiyo."

"Na asiponikimbilia?"

"Tutarudia," akasema, "mpaka akimbie."

Nilichukua kalamu yake nzuri, nikaiweka juu ya katoni ya mashine zako, nikatoka.

Basi ndivyo ilivyo. Mashine siji nazo. Ukitaka kukasirika, kasirika sasa hivi, umalize kabla sijafika, maana nina safari ndefu na sitaki kukuta uso umevimba. Tiketi wamenipa, hiyo walikuwa na wajibu nayo, na nitakuwa Nairobi kabla ya Krismasi. Siku yenyewe nitakutumia kwa telegramu. Ile rumu ya nyuma rudisha cherehani yangu, na rangi uliyopaka iache, hiyo nakushukuru. Vijana wa Mulot wakiuliza geimu ziko wapi, waambie waje asubuhi niwatoe mbio mpaka darajani, bure. Najua hatakuja hata mmoja. Wasichana watakuja.

Nisalimie mama yako, umwambie nimemletea kitambaa cha joto cha magoti na maneno machache kuhusu mtoto wake wa kiume. Nisalimie mama yangu kule kwenye chai. Atataka kuja uwanja wa ndege na kibuyu cha mursik kama wanavyopokewa washindi. Mwambie sikushinda kitu chochote, lakini maziwa alete, nina kiu. Mwalimu Rono aliyenifundisha kukimbia shuleni mpe salamu za heshima. Katekista wetu mwambie nimekosa kanisa Jumapili nyingi, aniombee bila kunitaja jina. Na yule dalali rafiki yako nisalimie pia, kwa sababu sasa nimeona wakubwa zake.

La mwisho ni la Wambui, na hili nakuomba usilifanyie ubishi. Siku hiyo mlete, mvalishe nguo zake za kila siku. Usimfundishe la kusema. Usimwonyeshe picha yangu asubuhi hiyo ili akariri. Sitavaa fulana ya mbio, nitavaa gauni, na sitakimbia kwenda kwake. Najua ninyi wawili mtakavyosimama, wewe na mama yangu, mkinong'ona, "Huyo ndiye, nenda, nenda." Msimwambie neno. Akijificha nyuma ya miguu yako, mwache ajifiche. Asiponijia, usimsukume. Mimi nitakaa chini hapo hapo sakafuni, watu wapite, na nitamngojea.

Ni mimi,
Mama Wambui